Ada ya Kubeba Matangazo: Mwongozo wa Majadiliano kati ya Kampuni Ndogo za Kebo na Vituo vya Televisheni

Mtazamaji huujua mgogoro wa ada ya kubeba matangazo siku chaneli yake inapozimika. Watendaji wa kampuni ya kebo na wa kituo cha televisheni huwa wameujua miezi mingi kabla: barua imekaa bila jibu, idadi ya wateja haikuhakikiwa, au kifungu cha mkataba wa zamani kilisainiwa bila kusomwa vizuri. Mwongozo huu unaeleza misingi ya migogoro hiyo, haki za kila upande, na kazi inayopaswa kufanywa kabla, wakati na baada ya majadiliano. Mifano mingi inatoka Marekani, ambako suala hili limetungiwa sheria mahsusi na kubishaniwa kwa zaidi ya miaka 30. Sehemu moja inagusa Tanzania na Kenya, ambako swali hilo hilo limeshafika mbele ya wadhibiti na mahakama.

Msingi wa madai ya kila upande

Televisheni ya kebo ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, katika miji midogo ya Pennsylvania, Oregon na Arkansas ambako milima au umbali ulizuia mawimbi. Antena ilisimikwa mahali pa juu, waya ukavutwa hadi majumbani, na wakazi wakalipia huduma hiyo. Vituo vilipata watazamaji zaidi bila kugharamia chochote. Mwaka 1968, katika kesi ya Fortnightly dhidi ya United Artists, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kebo iliyopokea mawimbi na kuyafikisha kwa wateja haikuvunja hakimiliki ya vipindi. Bunge lilibadili hali hiyo kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1976. Kampuni za kebo zilipewa leseni ya kisheria ya kubeba vipindi, kwa masharti kwamba zilipe malipo kila miezi sita kupitia Ofisi ya Hakimiliki.

Malipo hayo ni ya wenye vipindi. Haki ya kituo juu ya mawimbi yake ilikuja baadaye, kwa Sheria ya Kebo ya 1992, ambayo Bunge liliipitisha kwa kubatilisha kura ya turufu ya Rais George H. W. Bush. Mtendaji anayechanganya haki hizi mbili huharibu hoja yake mapema. Kampuni ya kebo haiwezi kukataa kujadiliana na kituo kwa sababu tu imelipa Ofisi ya Hakimiliki. Kituo nacho hakiwezi kudai kwamba ridhaa yake inamaliza kila deni la hakimiliki.

Hoja za pande zote mbili zina uzito. Kituo hulipa waandishi, mafundi na vipindi, kisha huiona kampuni ya kebo ikiuza matangazo yake ndani ya kifurushi cha kulipia. Kampuni ya kebo imegharamia nguzo, nyaya na mafundi, na inaombwa ilipie matangazo ambayo mwenye antena anayapata bure. Mjadiliaji anayeweza kuieleza hoja ya upande wa pili kwa haki huwa amejiandaa vizuri kuijibu.

Uchaguzi wa kila miaka mitatu

Sheria ya 1992 inakipa kila kituo cha kibiashara cha eneo husika uamuzi wa kufanya mara moja kila baada ya miaka mitatu. Njia ya kwanza ni kudai kubebwa kwa lazima, ambapo kampuni ya kebo hulazimika kukiweka kituo kwenye mtambo wake na kituo hakidai ada. Njia ya pili ni kutoa ridhaa kwa makubaliano, ambapo kampuni haiwezi kukibeba bila mkataba, na kituo kinaweza kudai fedha. Vituo vya umma visivyo vya kibiashara vina haki ya kubebwa kwa lazima pekee.

Uamuzi hutolewa kabla au ifikapo tarehe 1 Oktoba, na kipindi kipya huanza tarehe 1 Januari inayofuata. Kipindi kilichoanza Januari 2024 kinamalizika Desemba 2026. Kwa hiyo mikataba mingi humalizika usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, wakati michezo mikubwa inaonyeshwa na ofisi nyingi zimefungwa. Kalenda ya kampuni haina budi kuionyesha tarehe hiyo mwaka mzima kabla, pamoja na jina la mtumishi anayehusika.

Kubebwa kwa lazima kuna mipaka. Mtambo wenye zaidi ya chaneli 12 haulazimiki kutenga zaidi ya theluthi moja ya nafasi zake kwa vituo vya kibiashara vya eneo. Kituo nacho kina wajibu wa kufikisha mawimbi yenye ubora unaotakiwa mahali kampuni inapoyapokelea. Mahakama ya Juu iliyakubali masharti hayo mwaka 1997, katika kesi ya Turner dhidi ya FCC, yaani Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Nguvu mezani na jinsi zilivyohama

Katika duru ya kwanza ya mwaka 1993, kampuni kubwa za kebo zilikataa kulipa fedha taslimu. Baadhi ya wamiliki wa vituo walikubali kulipwa kwa nafasi ya chaneli mpya, na ESPN2 na FX ni miongoni mwa chaneli zilizopata njia kwa makubaliano ya aina hiyo. Kampuni ya kebo wakati huo ilikuwa mlango pekee wa kulipia katika miji mingi. Baadaye zikaja kampuni za satelaiti, DirecTV mwaka 1994 na Dish mwaka 1996, na sheria ya 1999 ikaziwezesha kubeba vituo vya eneo ndani ya eneo lake. Mteja aliyekosa chaneli kwenye kebo sasa alikuwa na mahali pengine pa kwenda, na kituo kikapata nguvu ya kudai fedha.

Matokeo yake ni makubwa. Makadirio ya soko yanaonyesha kwamba ada hizi zilikuwa mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka katikati ya miaka ya 2000, na zilivuka dola bilioni 10 kwa mwaka kabla ya 2020. Sehemu kubwa ya fedha hizo haibaki kwenye kituo. Mitandao ya kitaifa kama ABC, CBS, NBC na Fox huvidai vituo shirika sehemu yake. Meneja wa kituo anaposema hana nafasi ya kushusha bei, mara nyingi anasema kweli, na mjadiliaji wa kebo afahamu kwamba baadhi ya maamuzi hufanyika mbali na meza aliyoketi.

Kampuni ndogo ndiyo yenye hali ngumu zaidi. Kundi moja la vituo linaweza kumiliki vituo katika miji mingi, wakati kampuni ya kebo ina wateja elfu chache katika wilaya moja. Njia halali ya kupunguza pengo hilo ni ununuzi wa pamoja. Ushirika wa NCTC hujadiliana kwa niaba ya mamia ya kampuni ndogo na za kati, na sheria ya kulinda watazamaji ya 2019 ilizipa kampuni ndogo haki ya kujadiliana na makundi makubwa ya vituo kupitia chombo cha aina hiyo. Kwa upande mwingine, vituo viwili vya soko moja visivyo na mmiliki mmoja haviruhusiwi kujadiliana kwa pamoja. Mwaka 2016 Sinclair, kampuni inayomiliki vituo vingi, ilikubali kulipa takriban dola milioni 9.5 kumaliza uchunguzi uliohusu marufuku hiyo.

Nia njema kwa mujibu wa sheria

Nia njema katika majadiliano haya ina maana ya kisheria. Kanuni za FCC zinataja mienendo inayohesabika moja kwa moja kuwa uvunjaji wake: kukataa kujadiliana, kumtuma mwakilishi asiye na mamlaka ya kuamua, kukataa kukutana kwa wakati na mahali panapofaa, au kuchelewesha bila sababu, kuweka pendekezo moja tu na kukataa kuzungumzia jingine, kutojibu pendekezo la upande wa pili kwa kutoa sababu, kukubaliana na mtu wa tatu kutoingia mkataba na mhusika, na kukataa kusaini mkataba ulioandikwa kikamilifu. Mwenendo usiomo katika orodha hupimwa kwa kuangalia mazingira yote kwa ujumla. Wajibu huu ulianza kwa vituo, kisha ukawekwa pia kwa kampuni zinazobeba matangazo.

Bei kubwa peke yake si ushahidi wa nia mbaya. Mwishoni mwa 2006, Mediacom, kampuni ya kebo yenye wateja wengi Iowa, ililalamikia masharti ya Sinclair mbele ya FCC. Lalamiko lilikataliwa mwanzoni mwa 2007, na vituo vikawa nje ya mtambo kwa karibu mwezi mzima hadi pande zilipoelewana. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 FCC ilipendekeza faini ya dola 512,228 kwa kila kimoja cha vituo 18 vilivyoshindwa kujadiliana kwa nia njema na AT&T. Ukizilinganisha kesi hizi mbili, kosa la vituo 18 lilikuwa katika mwenendo: mapendekezo yaliyokosa majibu na mikutano isiyofanyika.

Kwa hiyo kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi, na kila kukataa kuambatane na sababu. Jibu fupi lenye hoja tatu za hesabu humlinda mjadiliaji kuliko simu ndefu isiyo na kumbukumbu. Baada ya kila mazungumzo ya simu, muhtasari utumwe kwa barua pepe siku hiyo hiyo ukieleza kilichopendekezwa, kilichojibiwa na hatua inayofuata.

Hesabu kabla ya meza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ada ya kubeba matangazo daftari la kwanza ni idadi ya wateja. Ada hutozwa kwa kila mteja kwa kila mwezi, hivyo tafsiri ya neno mteja ndiyo inayoamua ankara.

Tuchukue mfano wa kampuni yenye wateja 2,400 na kituo kinachodai dola 4 kwa mteja kwa mwezi. Gharama ni dola 9,600 kwa mwezi, au 115,200 kwa mwaka. Mkataba ukiongeza asilimia 10 kila mwaka, ada ya mwaka wa tatu ni dola 4.84. Wateja wakipungua hadi 2,100 kufikia mwaka huo, malipo kwa idadi halisi ni dola 121,968. Lakini mkataba ukiwa na kiwango cha chini cha wateja 2,400, malipo ni 139,392. Tofauti ya dola 17,424 inalipwa kwa watu ambao hawapo tena kwenye mtambo, na yote inatokana na sentensi moja iliyopita bila kuhojiwa.

Uhakiki ufanyike nyumba kwa nyumba kwenye kumbukumbu za ankara. Jengo la vyumba 60 linalolipiwa kwa ankara moja lihesabiwe kwa utaratibu uliokubaliwa: vyumba vyote, vyumba vyenye wapangaji, au kwa kugawa malipo ya jengo kwa bei ya kawaida. Laini za zahanati, shule na watumishi zinazotolewa bure zitajwe. Zikiwa 90 katika mfano huu na zikaachwa ndani ya hesabu, zinagharimu dola 4,320 katika mwaka wa kwanza. Wateja waliokatiwa huduma kwa kutolipa waondolewe kwa tarehe maalumu ya mwezi. Wateja wa intaneti pekee wasiingie kabisa.

Kituo kina hesabu yake ya kufanya. Kijue ni kaya ngapi zinakipata kupitia kampuni hiyo, mapato ya matangazo ya biashara yanayotegemea kaya hizo, na hasara ya kila wiki chaneli ikizimwa. Kampuni ya kebo ijue ni wateja wangapi wanaweza kukipata kituo kwa antena ya ndani au ya paa. Hatua hiyo huhitaji fundi kutembelea mitaa na kupima, kwa sababu ramani ya mawimbi haionyeshi kila bonde.

Vifungu vya kusomwa mara mbili

Mkataba wa miaka mitatu huwa na vifungu vichache vinavyobeba uzito kuliko ada yenyewe.

Cha kwanza ni chaneli za ziada. Kituo kinaweza kutoa ridhaa kwa masharti kwamba kampuni ibebe pia chaneli zake nyingine, au za kampuni mama. Kila chaneli ya ziada inachukua nafasi kwenye mtambo na inaweza kuwa na ada yake, hivyo ithaminiwe peke yake kabla ya kujumlishwa.

Cha pili ni mabadiliko ya umiliki. Kundi kubwa likinunua kituo kidogo katikati ya mkataba, kifungu fulani huweza kukihamishia kituo hicho viwango vya kundi tangu siku ya ununuzi. Kampuni ndogo iombe viwango vya mkataba uliopo viendelee hadi mwisho wa muda wake.

Cha tatu ni ulinganifu wa masharti, ambao humpa mhusika haki ya kupata nafuu yoyote atakayopewa mwingine. Kampuni inayokubali kifungu hicho iwe na njia ya kukitekeleza bila kuvunja usiri wa mikataba mingine.

Cha nne ni ukaguzi. Kituo kina haki ya kuhakikisha idadi ya wateja, na kampuni ina haki ya kupewa taarifa mapema, kukaguliwa mara moja kwa mwaka, na kulindiwa siri za wateja wake. Majina na anwani za wateja hazihitajiki ili kuhakiki jumla.

Cha tano ni ubora na njia ya kupokea matangazo. Mkataba ueleze nani anagharamia antena au mkongo wa kufikisha matangazo kwenye mtambo, na nini kitapunguzwa kwenye ada kituo kikikatika kwa siku kadhaa kwa kosa lake.

Cha sita ni muda wa nyongeza. Kifungu kinachoruhusu kuendelea kubeba chaneli kwa siku 14 au 30 wakati mazungumzo yanaendelea, kwa ada ya zamani itakayorekebishwa mkataba ukisainiwa, kimeokoa chaneli nyingi zisizimwe.

Wajibu kwa mteja chaneli inapokaribia kuzimwa

Mteja hana kiti kwenye meza ya majadiliano, lakini ndiye anayelipa mwisho wa yote. Haki yake ya kwanza ni taarifa ya kweli na ya mapema. Kwa kanuni za sasa za FCC, mabadiliko ya chaneli hutakiwa kutangazwa kabla. Pale ambapo majadiliano yamevunjika ndani ya siku 30 za mwisho, taarifa itolewe mapema iwezekanavyo. Aidha, kampuni ya kebo hairuhusiwi kuondoa kituo cha eneo katika vipindi rasmi vya kupima idadi ya watazamaji. Mwaka 2000, Time Warner Cable ilipoiondoa ABC katika kipindi hicho, FCC ilitamka kwamba kanuni imevunjwa.

Tangazo la haki kwa wateja lina mambo manne: chaneli itakayoathirika, tarehe, njia nyingine za kuipata, na namba ya kupiga kwa maswali. Lisitaje bei za siri wala lisimtukane mwenzake. Kituo kinachorusha maandishi chini ya skrini kuhimiza watazamaji wahame kampuni, na kampuni inayoweka tangazo la kukishutumu kituo kwa tamaa, hujenga uhasama utakaozikuta pande zote mbili katika duru ijayo.

Wahudumu wa simu waandaliwe kabla ya chaneli kuzimwa. Wapewe maelezo mafupi yaliyoidhinishwa, mamlaka ya kutoa nafuu kwa kiwango kilichowekwa, na utaratibu wa kumpatia mteja antena ndogo pale ambapo mawimbi yanapatikana. Mzee anayetegemea taarifa ya hali ya hewa ya eneo lake ashughulikiwe kwanza. Iwapo kampuni huonyesha ada ya vituo kama mstari tofauti kwenye ankara, mstari huo ulingane na gharama halisi. Kuficha faida ndani yake ni kumdanganya mteja.

Kwa watendaji wa Afrika Mashariki

Katika eneo letu swali la kwanza ni la leseni. Tanzania, Agosti 2018, mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, alizitaka kampuni za televisheni ya kulipia kwa satelaiti kuondoa chaneli za ndani zinazopaswa kupatikana bila malipo, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu kuzibeba kwa utaratibu ule. Wateja wengi walilazimika kutafuta king'amuzi cha pili. Mwendeshaji wa kebo mkoani ana wajibu wa kusoma masharti ya leseni yake chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 kabla ya kuahidi chaneli yoyote kwenye bango la matangazo, na wa kupata ridhaa ya maandishi pale Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inapoitaka.

Kenya, mgogoro ulifika Mahakama ya Juu. Kampuni za habari za Royal Media, Nation na Standard zilipinga kubebwa kwa chaneli zao kwenye ving'amuzi vya StarTimes na GOtv bila idhini. Tarehe 29 Septemba 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba ubebaji uliofanywa kwa kutimiza sharti la mdhibiti haukuvunja hakimiliki. Uamuzi huo unaonyesha tofauti na Marekani: huko kituo huchagua kati ya lazima na ridhaa, hapa sharti la mdhibiti linaweza kutangulia. Nakala ya mkataba wa Marekani isichukuliwe kama ilivyo na kutumika Arusha au Mombasa.

Mlalamikaji aanze na barua kwa mhusika, kisha mdhibiti, kisha chombo cha rufaa. Kwa Tanzania, rufaa dhidi ya maamuzi ya TCRA husikilizwa na Baraza la Ushindani, na mtumiaji ana Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.

Maadili ya mjadiliaji na kazi baada ya kusaini

Mjadiliaji hubeba siri za mwajiri na za upande wa pili. Viwango alivyoviona katika mkataba mmoja havitumiki kama silaha katika mwingine, hata anapohama ajira. Idadi ya wateja aitoayo iwe ile ile anayoripoti kwa mdhibiti na kwa Ofisi ya Hakimiliki. Kampuni inayotaja namba ndogo kwa kituo na kubwa kwa benki itakutana na namba zote mbili siku ya ukaguzi. Zawadi, tiketi za michezo na safari kutoka upande wa pili zisipokelewe wakati wa majadiliano.

Mkataba ukishasainiwa, kazi huanza upya. Idara ya fedha ipewe jedwali la ada za kila mwaka na tarehe za malipo. Mafundi wapewe orodha ya chaneli na viwango vya ubora. Dawati la wateja lipewe maelezo ya mabadiliko ya ankara. Mkataba, barua zote na mihtasari ya mazungumzo vihifadhiwe katika jalada moja linaloweza kusomwa na mtumishi ambaye hakuwepo, na tarehe ya kuanza maandalizi ya duru ijayo iandikwe juu yake. Kampuni ndogo haina idara ya sheria yenye mawakili wengi. Jalada kamili ndilo litakalompa mjadiliaji wake uwezo wa kuketi mbele ya kundi kubwa, kujibu kila hoja kwa ushahidi, na kupata masharti ambayo wateja wake wanaweza kuyamudu.